Aliyetuita kwa Majina ya Ubatizo

Katekista wetu hakuwa na haraka na jambo lolote isipokuwa daftari la majina. Kabla ya sala, kabla ya kutuuliza nani aliyetuumba, alisimama mlangoni mwa kanisa la kigango, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, akaanza kuita. Alituita kwa majina ya ubatizo tu. Majina ya nyumbani na ya utani tuliyaacha nje pamoja na fimbo za kuchungia mbuzi. Ukisikia jina lako unajibu "Nipo!" kwa sauti ya kufika altareni. Ukinong'ona anaita tena, na tena, mpaka aibu inakufungua mdomo.

Kama mtoto hakufika, ndugu yake alipaswa kumjibia, na hapo palikuwa na sharti. Hukuruhusiwa kusema "hayupo". Neno hilo hakulitaka masikioni mwake. "Mwenye jina yupo mahali," alikuwa akisema. "Niambie yuko wapi." Basi tulijibu: "Yupo, anaumwa tumbo." "Yupo, amekwenda kwa shangazi yake huko Kingerikiti." Jioni ileile ungemwona anasukuma baiskeli kwenda kuhakikisha kwamba hilo tumbo linauma kweli.

Nasema anasukuma kwa sababu sijawahi kumwona ameipanda. Kupandisha milima yetu kwa baiskeli hakuwezekani, hilo tunalijua wote, lakini yeye hata kwenye mteremko alitembea kando yake. Breki zilikuwa zimekufa zamani, na alisema hana imani na kitu kisichojua kusimama. Watu walimtania kwamba anaipeleka baiskeli kliniki. Naye alijibu kwamba angalau mgonjwa wake halalamiki njiani.

Alizaliwa wapi, na ukoo wake ulitoka upande gani wa kata yetu ya Ukata, sitaeleza hapa, maana sikuwahi kuuliza. Kwangu alianza pale mlangoni, amevaa koti la kahawia zito ambalo alilivaa kanisani, shambani na msibani, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba amezaliwa nalo.

Alipenda sukari kuliko inavyomfaa mtu wa kanisa. Vijiko vinne kwa kikombe kimoja, na alikoroga huku amefumba macho. Ilipofika Jumatano ya Majivu aliiacha kabisa, na kwa siku arobaini akanywa chai kavu na kutuonyesha wote kwamba anateseka. Alifoka kwa sababu ya benchi lililosogezwa. Alifoka kwa sababu ya kuku aliyepita mlangoni wakati wa litania. Mama zetu walisema hawahitaji kalenda, maana Kwaresma wanaisikia kwa sauti ya katekista. Siku ya Pasaka alikunywa vikombe vitatu mfululizo, akawa mpole kama mtu aliyetoka hospitali.

Na kuimba! Hakujua kuimba, lakini nyimbo zote alitaka kuzianzisha yeye. Alianza juu mno, na akina mama wakalazimika kumfuata huko juu kwa taabu, wengine wakibaki njiani. Siku moja mwenyekiti wa kwaya alimwomba kwa adabu amwachie kazi hiyo. Alikubali. Jumapili iliyofuata alianzisha wimbo kabla mwenyekiti hajafungua mdomo.

Nacheka ninapoandika haya. Kwa miaka ishirini na moja nilimchukia mtu huyu, na katika miaka yote hiyo hakuna sauti niliyoitamani kuliko ile yake mbovu.

Kwaresma huko kwetu Umatengo huangukia wakati wa kulima ngoro, na kwa katekista mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Asiyeijua ngoro nimweleze kidogo. Shamba lililopumzishwa huota majani marefu. Mwanamume huyafyeka, huyalaza kwa mistari, mingine ya kushuka na mingine ya kukatiza, mpaka ubavu wa mlima unakuwa umejaa miraba. Hapo kazi yake imekwisha. Majani yakishakauka mwanamke huingia na jembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Katikati panabaki shimo la kushika maji ya mvua, pembeni pote tuta, na ndani ya tuta majani yanaoza taratibu na kuyalisha maharage yaliyopandwa juu yake. Babu zetu walilima hivyo kwenye miteremko ambayo mbuzi wenyewe huipanda kwa tahadhari.

Nilipokuwa na miaka kumi nilitaka kumshangaza mama. Alikuwa amekwenda msibani, nikachukua jembe lake nikafunika miraba sita peke yangu. Nilijiona mtu mzima. Kosa langu ni kwamba majani yalikuwa yamelazwa juzi tu, bado mabichi. Mvua ilinyesha wiki mbili, na matuta yangu yote sita yakaota majani upya, yamesimama kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Mama aliniamuru niyafukue kwa mkono. Katekista akapita na baiskeli yake, akaniona nimepiga magoti kwenye matope, akacheka mpaka akaegemea kiti cha baiskeli.

Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba alisimama mbele ya watu. Hakunitaja, ila alinitazama, na kanisa zima likageuka kunitazama pia.

"Kosa bichi halifunikwi," alisema. "Lilaze juani. Ulione, na wenzako walione, mpaka likauke. Likikauka Mungu mwenyewe anakuja na jembe, anafunika, na papo hapo anapanda maharage. Lakini wewe una haraka. Unafunika leo ili majirani wasijue. Mvua ikija litakuaibisha."

Nilimwelewa kuliko nilivyoelewa mahubiri yoyote hadi leo. Ninakiri kwamba nilimpenda siku ile, ingawa masikio yaliniwaka.

Mama alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na baadaye mama akaishi na mwanamume aliyekuwa na mke mwingine. Kwa hiyo alikuwa nje ya sakramenti. Wakati wa komunyo wenzake walisimama na kupanga mstari, yeye akasogeza magoti pembeni ili wapite. Kila Jumapili alifanya hivyo. Lakini ufunguo wa kanisa alikuwa nao yeye, maana kila Jumamosi alifagia, akapangusa mabenchi, akaweka maua kwenye kopo la maziwa mbele ya altare asiyoruhusiwa kuikaribia.

Katekista ndiye aliyempa ufunguo huo. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa mpaka kesho. Alimwamini mama kuliko wanawake wote wa kigango, akamwachia nyumba ya Mungu mikononi, na akamhesabia kila Jumapili kwamba yuko nje. Alipomtaja hakusema jina lake. Alisema "yule mama wa ufunguo".

Mwaka nilipomaliza chuo cha ualimu mama aliugua kifua. Siku moja asubuhi alinishika mkono akaniambia, "Niitie katekista. Mwambie namtaka padri. Nataka kurudi."

Nilikimbia. Nilimkuta nyumbani kwake anaanika kahawa kwenye vichanja, anaitandaza kwa viganja polepole kama ilivyokuwa kawaida yake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza. Hakuinua uso.

"Sheria inajulikana," alisema. "Amwache kwanza yule mwanamume. Akitoka nyumbani mwake, mimi mwenyewe nitakwenda parokiani kumleta padri."

"Katekista, mama hawezi hata kuketi kitandani. Atatokaje?"

"Sheria si yangu, Dafrosa."

Akaendelea kugeuza kahawa. Nilisimama pale nikingoja aseme neno jingine. Mama alifariki siku ya tatu, na mpaka mwisho alikuwa ananiuliza kama nimesikia baiskeli.

Tulimzika bila kengele na bila wimbo. Wanawake wa jumuiya walikuja, wakaketi, wakalia, lakini hakuna aliyethubutu kuanzisha sala kwa sababu katekista hakuanzisha. Yeye alisimama ng'ambo ya njia, koti mwilini, kofia mkononi, kama hatua kumi kutoka kaburini. Hakuvuka. Mwanamume aliyeishi na mama alichimba kaburi kwa mikono yake, kisha akarudi kwa mke wake mkubwa, na baadaye wakahama.

Bado ningeweza kusamehe, nadhani. Ila Novemba ilifika, mwezi wa marehemu, na kwa desturi yetu katekista alisoma majina ya wafu wote wa kigango. Nilikwenda. Niliketi benchi la mama. Aliita kama alivyotuita utotoni, jina moja moja, akiachia nafasi kidogo baada ya kila jina. Nilisubiri. Alifika mwisho, akafunga daftari. Mtu ambaye hakuturuhusu kusema "hayupo" juu ya mtoto aliyekwenda kwa shangazi yake alikuwa amefunga daftari mama yangu hayumo.

Nilitoka kabla ya baraka. Mwezi uliofuata nikapangiwa shule ya ziwani, mwendo kidogo kutoka Liuli, nikateremka na sanduku langu moja. Nilijiapiza kwamba mguu wangu hautakanyaga tena kanisani. Nilidhani namwadhibu Mungu.

Ziwani watu ni wakarimu. Walinicheka kwa kuogopa maji na kwa kula usipa, wale dagaa wa ziwani, na vichwa vyao, kisha wakanizoea. Wakaniita Mwalimu, na mpaka leo wengi hawajui jina langu la ubatizo. Jumapili asubuhi kengele ya misheni ya Waanglikana ilipolia, majirani walipita na kanga safi, wakanisalimu, wakauliza kama sitoki. Nilisema nina madaftari ya kusahihisha. Nilisahihisha madaftari kila Jumapili ya maisha yangu. Walimu wenzangu walinisifu kwa bidii.

Nisiseme uongo: haikuwa raha. Kuna njaa ambayo haiondolewi na ugali na samaki. Nilikuwa ninasikia wimbo kwa mbali, miguu inataka kwenda, na mimi naishikilia chini ya meza. Nilijaribu kusali kitandani, nikakuta maneno yote niliyonayo ni yale aliyonifundisha yeye, kwa sauti yake, na kwa mapumziko yake ya kuvuta pumzi. Nikaacha. Nilihisi kama mtu aliyefukuza mgeni mmoja mbaya na kugundua kwamba ameifukuza nyumba nzima.

Mwaka wa nne alikuja. Lazima niseme kwamba katekista aliliogopa ziwa kuliko shetani. Alisema maji mengi namna ile yamekosa adabu. Hakuwa ameteremka hata mara moja maishani mwake. Siku hiyo nilikuwa darasani, nikatazama dirishani, nikaona koti la kahawia linaingia getini, na pembeni yake baiskeli. Aliisukuma kutoka Umatengo mpaka ufukweni.

Nilimwambia mwalimu mwenzangu, "Kamwambie sipo."

"Mbona upo?" akaniuliza.

"Mwambie hayupo. Sema hivyohivyo."

Alikwenda, akasema. Katekista aliketi kwenye benchi la wageni nje ya ofisi, akakaa hapo tangu saa nne mpaka jua lilipoegemea ziwani. Hakunywa hata maji aliyopewa. Mimi nilijifungia stoo ya vitabu, nikamtazama kwa ufa wa mlango, nimekasirika na nimeumia, natamani ainuke aondoke na natamani asiondoke. Mwisho alisimama, akaweka mfuko mdogo wa maharage juu ya benchi, akashika baiskeli yake. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba alipoaga alisema neno moja tu: "Yupo." Maharage yale sikuyala wala sikuyapanda. Yalikaa kwenye debe mpaka yakabunguliwa.

Tangu hapo habari zake nilizipata kwa simu, kutoka kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyebaki kule nyumbani. Yeye hupiga simu kwa jambo moja na kueleza mengine saba.

"Katekista wenu amerukwa na akili," aliniambia mwaka mmoja. "Analaza majani kwenye shamba la marehemu."

"Shamba lipi?"

"La mama yako, hili la juu ya kijito. Si limekuwa pori? Amelifyeka. Ameyalaza vizuri, miraba imenyooka. Halafu ameacha."

"Anataka kulichukua?"

"Angelichukua angepanda. Hapandi. Nilimwambia nifunike mimi, akakataa. Akasema kazi hii ina mwenyewe."

Nilisema mzee anatafuta kusifiwa. Mwaka uliofuata akafanya tena. Na uliofuata. Kila Kwaresma alifyeka, akalaza, akaacha. Jua lilikausha majani, mchwa wakala, mvua ikaja na mapya yakaota, na mwaka mwingine akaanza upya. Kijiji kilimcheka. Waliolima vizuri walisema ni dhambi kupoteza nguvu namna ile. Yeye aliwajibu kwamba kazi ya mwanamume kwenye ngoro inaishia kulaza, waende wakawaulize baba zao.

Kisha mama mdogo akaniambia jambo jingine. Katekista alikuwa amehamia benchi la mwisho. Siku za kawaida aliongoza ibada kama kawaida yake, lakini padri akija kusoma misa, yeye alikwenda kuketi karibu na mlango, mahali pa mama. Wakati wa komunyo alisogeza magoti pembeni ili watu wapite. Hakupokea. Maparoko walibadilika, na kila mpya alimuuliza, naye akampa kila mmoja jibu lilelile: "Siwezi kuketi mezani huku niliyemfungia mlango bado yuko nje."

Niliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu arudi kutoka huko kwako," alisema mama mdogo.

Ningepaswa kupanda mlima siku ileile. Sikupanda. Hasira ukiishi nayo muda mrefu inakuwa kama fanicha, unaizunguka tu. Na zaidi ya hasira, niliona haya. Nilihesabu komunyo alizokosa kwa ajili yangu, nikajua kwamba sasa sisi wawili tuna deni, na langu ni kubwa.

Mwaka huu, wiki ya tatu ya Kwaresma, mama mdogo alipiga simu akasema neno moja bila yale saba. "Amelaza miraba minne tu. Ameanguka shambani. Macho hayaoni tena vizuri. Anauliza kama majani yamekauka."

Niliomba ruhusa Ijumaa. Nilipanda pikipiki mpaka Kingerikiti, nikabadilisha nyingine, na mahali ilipokwama nikatembea. Sijui kwa nini nilikuwa nimesahau jinsi hewa ya kule ilivyo baridi. Jumamosi asubuhi nilichukua jembe la mama mdogo nikaenda shamba la juu ya kijito.

Alikuwa pale, ameketi ukingoni juu ya jiwe, koti mwilini. Alikuwa amepungua, na koti lilibaki kubwa peke yake. Baiskeli ilikuwa imeegemea kisiki. Miraba minne ya majani ilikuwa mbele yake, imepinda. Mtu aliyenyoosha mistari miaka yote, safari hii alilaza kwa kupapasa.

"Shikamoo, Katekista."

Akageuza uso kuelekea sauti.

"Dafrosa."

Nilijua ninachotakiwa kujibu. Nilijaribu. Ile "Nipo!" haikutoka.

"Marahaba," alisema mwenyewe, baada ya kungoja kidogo. Kisha akaanza kusema haraka, mtu ambaye hakuwahi kusema haraka. "Nina neno lako. Nilikuja nalo ziwani nikarudi nalo. Siku ile ya kahawa nilikuambia sheria si yangu. Uongo. Sikumwuliza padri. Nilijijibu mwenyewe. Nilipokwenda parokiani baada ya msiba, padri alijishika kichwa akasema, kwa nini hukuniita? Mgonjwa wa kufa anaitiwa padri, Katekista, mengine yanafuata. Nilikuwa nafundisha watu miaka yote na sikujua, au nilijua na niliona raha kuwa mwenye mlango. Sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mama yako alitaka kurudi, na mimi nilikaa njiani."

"Na Novemba?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka kali. "Novemba ulikuwa umeshajua. Kwa nini hukumsoma?"

"Ningemsoma, watu wangeuliza kwa nini hakuzikwa na kanisa. Ningelazimika kusema ni mimi." Alipitisha kiganja usoni. "Nilifunika majani mabichi, binti. Yaliota. Kila mwaka yanaota."

Nililia. Nilimlilia mama, nikajililia mwenyewe na zile Jumapili zangu zote za kalamu nyekundu. Na nitasema ukweli, nilimlilia pia yule mzee, ambaye nilimkwepa kwa kujificha stoo, naye akaniombea benchini. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwepo.

"Najua," alisema. "Niliona kiatu chini ya mlango."

Kijito kilisikika chini. Kisha aliinama, akapapasa ukingo wa mraba wa kwanza, akauchukua unyasi mmoja na kuukunja mbele yangu, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu amsahihishie.

"Yamekauka?"

Niliupokea. Ulivunjika mkononi.

"Yamekauka," nilisema.

"Basi funika."

Nilichimba miraba yote minne. Mikono ya chaki ilipasuka malengelenge kabla ya wa pili. Yeye alisikiliza jembe, na kila nilipotupa udongo mahali pasipofaa aliniambia, maana alijua kwa sauti. Alianzisha wimbo, juu mno. Nilimfuata huko huko juu, nikashindwa, nikamfuata tena.

Jumapili padri alikuja, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akaketi kuungamisha kwenye kiti nyuma ya sakristia. Nilipanga mstari. Katekista alikuwa nyuma yangu, ameshika bega langu asipotee. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, nikafungua mdomo, na maneno ya kuanzia yakawa yamepotea yote. Nyuma nikasikia mtu anakohoa, kisha sauti ya chini ya darasa la komunyo: "Unibariki, Padri..." Padri akaangalia juu akacheka, akamwomba asogee mbali. Nami nikaendelea mwenyewe. Nilisema yote, na niliposimama nilikuwa mwepesi mpaka nikaogopa nitaanguka.

Wakati wa komunyo tulikuwa benchi la mwisho. Watu walianza kusimama. Yeye, kwa mazoea, akasogeza magoti pembeni.

"Katekista," nilimwambia, "sasa ni sisi."

Tulikwenda polepole kwa sababu ya macho yake. Kanisa zima lilijua. Wanawake waliacha kuimba mmoja mmoja, mpaka akabaki anaimba mwenyekiti wa kwaya peke yake, na yeye pia analia.

Baada ya misa padri alivaa stola ya zambarau, tukapanda wote mpaka kaburini. Njia ni ileile. Ng'ambo yake, mahali aliposimama siku ile na kofia mkononi, katekista alisita. Nilimshika kiwiko. Alivuka.

Padri akasoma, akanyunyiza maji, kisha akamwachia mzee nafasi, maana mzee alikuwa ameomba. Katekista alitoa daftari ndani ya koti. Hakuweza kulisoma tena, alilishika tu, limefunguliwa juu chini. Miwani nayo alikuwa ameifunga kwa uzi, kama zamani. Aliita kwa sauti ya mlangoni, ile ya kufika altareni.

"Otilia."

Akaachia nafasi, kama alivyoachia siku zote. Upepo ulipita kwenye mahindi. Niliona wanawake wananitazama, nikakumbuka sharti la mtoto asiyeweza kujiitikia.

"Yupo!" nikasema.